Mtoto wa Kisugu katika Bajeti ya Taifa

Mhadhara kwa wakazi, walimu na wahudumu wa afya, Kisugu, Kampala

 Leo nazungumza Kiswahili. Humu ukumbini wapo watu wa Buganda, Waacholi, Wanyankole, Wanubi na Wakongo, na hii ndiyo lugha inayotuweka pamoja bila mtu kuhitaji mkalimani. Naona mama mmoja anataka kutoka kwa sababu mtoto analia. Mama, tafadhali kaa. Maneno ya leo yanamhusu huyo anayelia kuliko yanavyotuhusu sisi.

Nimekuja na jambo moja. Ninadai kwamba umaskini wa watoto wa Kisugu na jirani yake Namuwongo unaweza kupunguzwa kwa njia inayojulikana, iliyokwisha kujaribiwa Afrika na kwingineko, na ambayo mfuko wa Serikali ya Uganda unaimudu: fedha kidogo, kila mwezi, mkononi mwa anayemlea mtoto mdogo, kwa kigezo cha umri wa mtoto na si kingine. Nitapita kwenye hoja tano. Ya tatu ni fupi. Ya tano ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa hiyo anayesinzia aamke hapo.

Hoja ya kwanza: wastani wa jiji unawaficha watoto wetu

Ofisi ya Takwimu ya Uganda hupima umaskini kwa kuuliza kaya inatumia kiasi gani, kisha hulinganisha jibu na mstari wa umaskini. Kwa kipimo hicho, waliokuwa chini ya mstari walikuwa asilimia 21.4 ya Waganda mwaka 2016/17, asilimia 20.3 mwaka 2019/20, na asilimia 16.1 mwaka 2023/24. Hayo ni maendeleo ya kweli, na hakuna sababu ya kuyabeza. Lakini katika uchunguzi huo Kampala hutokea miongoni mwa sehemu zenye maskini wachache kabisa, na eneo la Karamoja hubaki nyuma. Mpangaji wa bajeti akilitazama jedwali hilo anaona Kampala haina shida, na fedha za kuwasaidia maskini zinaelekezwa kwingine.

Hebu tuone kipimo hicho kinavyofanya kazi hapa kwetu. Kaya ya kijijini yenye shamba la mihogo, kisima na choo cha shimo inaweza kutumia fedha kidogo sana, na watoto wakalala wameshiba. Hapa kila kitu kina bei. Chukueni hesabu ya mfano: watu 5 katika muzigo mmoja, chumba kimoja chenye pazia katikati, kodi shilingi 100,000 kwa mwezi. Madumu 5 ya maji kwa siku, shilingi 200 kila dumu, ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Choo cha kulipia, watu 4, mara moja tu kwa siku, shilingi 200, ni 24,000. Maji na choo vimekula 54,000, zaidi ya nusu ya kodi, na bado hatujawasha mkaa. Sukari inanunuliwa ya mia tano kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, na mafuta ya kula kwa kikombe, na kila anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kilo. Kaya hiyo ikihesabiwa, matumizi yake yanaweza kabisa kuwa juu ya mstari wa umaskini. Fedha zilitumika kweli. Kwenye sahani ya mtoto hazikufika.

Kisha inueni macho mtazame Muyenga. Kilima kile kinaitwa Tank Hill kwa sababu ya matangi ya maji ya Shirika la Taifa la Maji na Majitaka yaliyojengwa kileleni. Maji hupandishwa hadi kule juu, halafu hushuka kwa mabomba kulisha jiji. Mwenye mita nyumbani hulipa kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50. Anayenunua dumu kwa shilingi 200 huku chini hulipa shilingi 10,000 kwa maji hayo hayo, bei inayozidi mbali anayolipa mwenye mita kilimani. Shirika limeweka mabomba ya umma ya kulipia kabla, ambako bei ya dumu ni sehemu ndogo tu ya hiyo, na pale yalipo akina mama wanajua nafuu yake. Kwa hiyo dawa ipo. Haijasambazwa vya kutosha. Watu wakisema kutokuwa na usawa, wengi hufikiria magari na majumba. Mimi nafikiria dumu la maji. Maskini anauziwa kitu kile kile kwa bei ya juu, na tofauti hiyo inakatwa kwenye chakula cha mwanawe.

Ongezeni kwamba tunaishi kando ya mfereji wa Nakivubo, unaobeba maji machafu ya mji hadi Ghuba ya Murchison ziwani. Mvua ikinyesha Nakasero, kule mjini juu, sisi ndio tunaoinua magodoro. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hata akilishwa vizuri hanenepi, kwa sababu chakula hakikai mwilini.

Wahudumu wa afya wa vijiji mlioko hapa mnaujua ule utepe wa kupimia mkono. Nimeuleta mmoja, na kwa ruhusa yenu nauinua ili walioko nyuma wauone. Huzungushwa katikati ya mkono wa juu, wa kushoto, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Kidirisha chake kikisoma chini ya sentimita 11.5, rangi ni nyekundu: huo ni utapiamlo mkali, na mtoto aende kliniki leo hii. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Kuanzia hapo kwenda juu ni kijani. Tofauti ya nyekundu na kijani ni sentimita moja, upana wa ukucha wa kidole changu kidogo. Utepe huu hauulizi kama mtoto anaishi Kampala au Karamoja, wala hausomi mstari wa umaskini.

Mtoto wa njano ndiye anayeninyima usingizi. Halazwi wodini, hatangazwi redioni, hafi leo. Anakua mfupi kuliko alivyoumbwa, na darasani anachoka mapema. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016 ulikuta asilimia 29 ya watoto wa Uganda walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Udumavu hujengwa tangu mimba mpaka mwaka wa pili wa maisha, na baada ya hapo ni vigumu mno kuurudisha nyuma. Shikeni sana jambo hilo la miaka 2, maana hoja ya tano imesimama juu yake.

Hoja ya pili: huduma ya bure iliyobaki na bei

Mwaka 1997 Uganda ilifuta ada ya shule ya msingi, kwanza kwa watoto 4 wa kila familia. Wanafunzi walikuwa kiasi cha milioni 3 mwaka 1996, mwaka uliofuata wakafika milioni 5.3. Mwaka 2001 malipo katika vituo vya afya vya serikali yakafutwa. Mwaka 2007 ikafuata elimu ya sekondari. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mambo makubwa zaidi ambayo serikali imemfanyia mtoto maskini wa nchi hii, na anayedai kuwa Waganda hawawezi kuhudumia watu wote bila ubaguzi asome tena historia ya miaka hiyo.

Lakini mlango ulipofunguliwa, gharama zilibaki kizingitini. Ruzuku ambayo shule ya msingi hupewa kwa kila mwanafunzi ilikaa kwa muda mrefu kwenye shilingi 10,000 kwa mwaka, baadaye ikapandishwa hadi 20,000. Gawanyeni kwa mihula 3: haifiki 7,000 kwa muhula. Mwalimu mkuu atanunua chaki, atalipa mlinzi, atachapisha mitihani, atakarabati choo. Haitoshi, basi anamgeukia mzazi. Nami simlaumu mwalimu mkuu.

Halafu kuna chakula. Sheria ya Elimu ya 2008 inamwachia mzazi jukumu la kumlisha mwanafunzi. Kwa mzazi mwenye shamba hilo linawezekana kidogo. Kwa mama anayeuza dagaa wa mukene na nyanya kando ya reli, uji na ugali wa shule ni bili nyingine, na asipolipa mtoto anakaa chini ya mti wakati wenzake wanakula. Mwalimu aliyekaa mstari wa pili anatikisa kichwa, kwa kuwa ndiye anayemfundisha mtoto huyo hesabu saa nane mchana.

Na hiyo ni kwa aliyepata nafasi. Shule za msingi za serikali katika jiji zima hazifiki 100, kwa hiyo watoto wengi wa huku chini wanasoma shule za binafsi za bei ndogo, zilizoezekwa mabati na kuzungushiwa mabati, na wazazi wao hulipa kila muhula kama wazazi wa Muyenga, ingawa si kiasi kile. Elimu ya awali ndiyo kabisa: serikali imewaachia watu binafsi. Mama asiyekuwa na ada ya chekechea humwacha mdogo kwa dada yake wa miaka 8, na hapo watoto wawili wamekosa shule.

Je, jiji linaweza kulisha wanafunzi? Nairobi imethubutu. Tangu 2023 kaunti ile, pamoja na shirika la Food4Education, inaendesha Dishi na County: chakula kinapikwa katika majiko makubwa ya pamoja, kinapelekwa shuleni, na mzazi anachangia shilingi 5 za Kenya kwa sahani. Finland ilipitisha sheria ya chakula cha bure shuleni mwaka 1943, ikiwa katikati ya vita, na kuanza kuitekeleza kote mwaka 1948. Finland ya wakati huo ilikuwa na madeni na majeraha ya vita, lakini haikungoja utajiri ndipo iwalishe watoto wake.

Tukumbuke pia kipindi cha korona. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, na zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi iliyozifunga kwa muda mrefu kuliko sisi, na wanafunzi walioguswa walikuwa kiasi cha milioni 15. Kule juu watoto waliendelea kwa kompyuta na walimu wa nyumbani. Huku chini walibeba beseni za ndizi. Wasichana waliopata mimba katika miezi ile leo ni mama wa watoto ambao na wao wanakaribia darasa la kwanza. Ukosefu wa usawa ulikuwapo kabla, ila miaka ile 2 uliongezewa pengo ambalo halijazibwa hata leo.

Hoja ya tatu: adhabu haimlishi mtoto

Mwaka 2019 jiji letu lilitangaza sheria ya kulinda watoto inayokataza kumpa fedha au chakula mtoto aliyeko barabarani, na kukataza watoto kufanya biashara mitaani, kwa adhabu ya faini au kifungo. Nakubali kwamba wapo watu wazima wanaowakodisha watoto kuomba barabarani, na hao wakamatwe. Lakini mtoto anayeuza karanga Kabalagala usiku hakutoka kwao kwa kupenda. Mkimwondoa barabarani bila kuijaza sufuria ya nyumbani, mmemhamisha mtaa tu. Vivyo hivyo na bomoabomoa: mwaka 2014 vibanda vilivyokuwa kwenye hifadhi ya reli vilivunjwa. Reli ina haki yake na usalama wake. Mtoto aliyevunjiwa chumba katikati ya muhula naye alikuwa na haki yake, na kwenye mpango ule hakuwekewa chochote.

Hoja ya nne: mtoto mchanga si mfanyabiashara

Serikali haikukaa kimya kuhusu umaskini. Mwaka 2019 ilileta Emyooga, mpango wa kuvikopesha vikundi vya wajasiriamali. Tarehe 26 Februari 2022, huko Kibuku, Rais alizindua Mpango wa Maendeleo wa Parishi, huu tunaouita PDM: ulipoanza, kila parishi ilitengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya iliyochaguliwa ikopeshwe shilingi milioni 1 yenye riba nafuu kwa ajili ya mradi wa kuzalisha.

Wapo humu waliofaidika, na nawapongeza. Aliyefuga kuku wakataga, aongeze. Ila tuutazame mpango kwa jicho la mtoto wa miezi 4. Mkopo unataka mradi, na mradi unataka nafasi, muda na mikono. Mama aliyejifungua juzi hana hata kimoja, tena katika muzigo hawezi kufuga nguruwe. Milioni ikija, jambo la kwanza atakalofanya ni kulipa kodi aliyodaiwa, na hapo amekwisha kuwa mdaiwa mpya. Fedha za kukopesha zinamfaa mwenye nguvu za kufanya kazi. Miaka 2 ya kwanza ya mtoto ndiyo miaka ambayo nyumba ina nguvu chache kuliko wakati wowote na midomo mingi kuliko jana. Sera zetu zote kubwa zinamwona mzazi kama mjasiriamali. Hakuna hata moja inayomwona kama mlezi, na malezi ndiyo kazi inayofanyika zaidi katika mitaa hii.

Hoja ya tano: ruzuku ya mtoto kwa kigezo cha umri

Sasa nafika nilikokusudia. Watu huniambia: fedha za kupewa bure ni mambo ya Ulaya. Mimi huwajibu kwamba Uganda ilianza zamani.

Mwaka 2010 Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ilianzisha SAGE, kwa msaada wa Uingereza na Ireland. Katika wilaya za majaribio kulikuwa na ruzuku za aina mbili, kila moja shilingi 25,000 kwa mwezi. Ya kwanza ilikuwa ya wazee, na kigezo chake kilikuwa umri: miaka 65, na Karamoja miaka 60. Ya pili ilikuwa ya familia zilizo hatarini, zenye yatima, walemavu na wategemezi wengi kuliko wafanyakazi, na hizo zilichaguliwa kwa fomu na alama. Hii ya pili, ambayo ndiyo ingemgusa mtoto moja kwa moja, iliachwa. Ile ya wazee ikabaki, na mwaka 2020 ikapelekwa nchi nzima, ingawa kwa wilaya mpya umri ulipandishwa hadi miaka 80.

Kwa nini moja ilikufa na nyingine ikaishi? Kwa sababu umri kila mtu anauelewa. Mzee Okello ana miaka 70, jirani yake ana 50: hakuna ugomvi. Lakini mwambie mama kwamba jirani wa muzigo wa pili amepata na yeye hakupata kwa sababu ya alama za fomu, wakati wote wawili wanalalia mkeka wa aina moja, hapo umepanda chuki kijijini. Watu hawakuikataa fedha. Waliukataa uchaguzi wasiouona. Nalitaja hili kwa mkazo kwa sababu wataalamu wengi bado wanatengeneza fomu ndefu zaidi za kumtafuta maskini wa kweli. Hapa Kisugu kipato cha mwendesha bodaboda hubadilika kila siku. Aliye maskini Jumatatu si lazima awe maskini Ijumaa, na fomu inajazwa Jumatano.

Sasa tazameni upande wa jajja. Bibi wa Kisugu wa miaka 68 anayelea wajukuu wanne hapati ruzuku ya wazee, kwa kuwa hajafika 80. Akifika 80, wajukuu wamekwisha kuwa wakubwa. Fedha inafika baada ya wale iliowafaa zaidi kuondoka mezani.

Majirani zetu wamefanya nini? Kenya ilianza mwaka 2004 kuwapa fedha walezi wa yatima na watoto walio katika mazingira magumu. Ilianza kwa majaribio madogo, ikapanuka, na leo ni sehemu ya mpango wa Inua Jamii. Tathmini zake zilionyesha kaya zinakula vizuri zaidi, na wasichana wa kaya hizo wanachelewa kupata mimba ya kwanza. Tanzania, kupitia mfuko wa TASAF, ilianza mwaka 2012 mpango wa kunusuru kaya maskini, uliokuja kuzifikia kaya zaidi ya milioni 1, zikitakiwa kupeleka watoto kliniki na shuleni. Afrika Kusini ilianza mwaka 1998 kwa randi 100 kwa mwezi, kwa watoto walio chini ya miaka 7 tu. Umri ukaongezwa kidogo kidogo hadi 18, na sasa ruzuku ile inawafikia watoto zaidi ya milioni 13. Watafiti waliwapima urefu watoto walioipata mapema na kwa muda mrefu, wakakuta wamerefuka kuliko wenzao. Hapo tumerudi kwenye udumavu: fedha ya kila mwezi ilionekana kwenye mifupa ya mtoto.

Na hata hao wa Ulaya hawakuanza kwa urahisi. Eleanor Rathbone, aliyekuja kuwa mbunge, alipigania posho ya watoto Uingereza kwa karibu miaka 30. Sheria ilipoandikwa mwaka 1945 rasimu ilitaka fedha alipwe baba, naye akasimama bungeni mpaka ikabadilishwa, alipwe mama. Malipo yalianza Agosti 1946: shilingi 5 za Kiingereza kwa wiki kwa kila mtoto baada ya wa kwanza. Wakati huo Uganda ilikuwa chini ya utawala wao, na posho hiyo haikumfikia mtoto yeyote wa Buganda wala wa Acholi. Marekani nayo mwaka 2021 iliongeza nafuu ya kodi kwa wenye watoto na kuituma kwa familia kila mwezi kuanzia Julai. Umaskini wa watoto, kwa kipimo chao kinachojumuisha misaada, ulishuka hadi asilimia 5.2. Bunge lao likauacha mpango uishe. Mwaka 2022 umaskini huo ukawa asilimia 12.4. Watoto ni wale wale na wazazi ni wale wale. Kilichobadilika ni kura chache bungeni, na kura hizo zilirudisha mamilioni ya watoto kwenye umaskini uliokwisha kuzuiwa.

Hapa kwetu jijini pia kuna mwanzo. Tangu 2019 Mamlaka ya Jiji la Kampala na UNICEF, kwa fedha za Ubelgiji, wameendesha mradi wa Girls Empowering Girls, unaowapa wasichana wa Kampala mlezi wa kuwashauri, njia ya kufikia huduma, na fedha kidogo kwa familia. Na wakati wa kufungwa kwa shughuli mwaka 2021, serikali ilituma shilingi 100,000 kwa simu kwa wakazi wa mijini waliopoteza kipato. Orodha zilikuwa na malalamiko mengi, mnayakumbuka. Hata hivyo zoezi lile lilithibitisha kuwa Hazina inaweza kufika moja kwa moja kwenye simu ya mtu wa Namuwongo.

Pendekezo langu, kwa hiyo, ni hili. Kila mtoto wa Kampala, tangu kuzaliwa hadi kutimiza miaka 2, alipwe shilingi 25,000 kwa mwezi kupitia simu ya mlezi wake, awe anaishi kilimani au bondeni, awe Mganda au mkimbizi. Najua maneno hayo ya mwisho yataulizwa. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi na kuishi wanakotaka, lakini msaada wa chakula hutolewa kwenye makazi ya wakimbizi, Nakivale, Kyangwali na kwingineko, na aliyechagua Kampala anajitegemea. Mtoto aliyezaliwa kwenye wodi ya kituo cha afya cha Kisugu hakuchagua lolote. Na wa kilimani je? Apewe pia. Baba yake atairudisha kwa kodi, na kwa kumjumuisha tunaepuka fomu zilizoua ruzuku ile ya familia.

Gharama? Twende taratibu. Shilingi 25,000 kwa miezi 12 ni 300,000 kwa mtoto. Sensa ya 2024 iliikuta Kampala na watu wapatao milioni 1.8. Tukikadiria kuwa watoto walio chini ya miaka 2 ni kama 100,000, na hayo ni makadirio yangu, jumla ni shilingi bilioni 30 kwa mwaka. PDM, kwa parishi zaidi ya 10,000 na milioni 100 kila moja, inazidi bilioni 1,000 kwa mwaka. Ninachoomba hakifiki asilimia 3 ya hiyo. Kwa parishi moja: milioni 100 zile zile zingewalipa watoto 333 kwa mwaka mzima.

Kuna kikwazo kimoja nataka kiondolewe kwanza. Tangu 2018 anayetoa fedha kwenye simu hukatwa kodi ya asilimia 0.5, mbali na ada ya kampuni. Ni shilingi 125 kwenye kila 25,000, zaidi ya nusu ya bei ya dumu la maji. Ruzuku ya mtoto isikatwe kodi hiyo hata shilingi.

Wengine watasema fedha zitanywewa pombe. Benki ya Dunia ilichapisha mwaka 2014 mapitio ya tafiti nyingi za nchi mbalimbali kuhusu jambo hilo hasa, na haikukuta ongezeko la matumizi ya pombe na tumbaku kwa wanaopewa fedha. Wengine watasema watu watazaa ili walipwe. Mama yeyote humu awaambie nepi za mwezi mmoja zinagharimu kiasi gani.

Tunakokwenda

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mashauriano ya bajeti huanza mapema, karibu na Septemba, na mfumo wa bajeti hufikishwa bungeni kabla ya Desemba kwisha. Hotuba ya Juni tunayoisikiliza redioni husomwa wakati mambo yamekwisha kuamuliwa. Tukitaka sauti ya Kisugu isikike, iwe imefika kwa mbunge na kwa diwani wetu kabla ya Desemba, na iwe na hesabu.

Kwa hiyo tunaomba kazi moja ifanyike kwanza. Zoni kwa zoni, wahudumu wa afya wa vijiji waandike kila mtoto aliye chini ya miaka 2: mwezi wa kuzaliwa, kama ana hati ya kuzaliwa, kipimo cha mkono, na anayemlea. Jina lake libaki kwenye daftari la mhudumu, namba tu ndizo ziende kwa mwenyekiti wa zoni. Wenye vituo vya afya wasaidie kwa orodha za chanjo. Wasio na hati ya kuzaliwa wapelekwe kwa mkupuo mmoja NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, maana ruzuku yoyote itakayokuja itaidai hati hiyo, na hatutaki mtoto aachwe nje kwa sababu ya karatasi. Walimu, tunawaomba muongeze ukurasa wenu: wanafunzi wangapi hawali mchana, kwa kila darasa.

Daftari za kuanzia ziko kwenye meza ya mlangoni, moja kwa kila zoni. Zoni isiyo na mhudumu wa afya ichague leo mama mmoja na baba mmoja, waandike majina yao kabla hawajatoka, na tuanze Jumamosi hii na zile nyumba zilizo karibu zaidi na reli. Sasa mwenyekiti wa kikao, nakaa. Nipo tayari kwa maswali, na naomba akina mama waanze.